Kifurushi Kikiisha, Nani Anamalizia Hadithi?

Mama yangu mdogo anakaa Mang'ula, si mbali na stesheni ya Tazara. Juu ya bati la nyumba yake kuna dishi, na dishi hilo lina misimu kama shamba. Mpunga ukishavunwa na magunia mawili matatu yakishapata mnunuzi, yaani kuanzia Juni au Julai hivi, dishi liko kazini. Ikifika Oktoba limenyamaza. Rimoti inarudishwa kwenye mfuko wake wa nailoni, inawekwa juu ya kabati, na televisheni inafunikwa kitambaa cha kufuma.

Oktoba moja nilikuwa kwake. Alikuwa anafuatilia tamthilia ambayo jina lake naliacha, na kampuni ya king'amuzi pia siitaji, kwa sababu mambo haya yangeweza kutokea kwa king'amuzi chochote kile. Usiku wa Jumatano yule wifi mbaya, aliyekuwa amemtesa mke wa kaka yake miezi na miezi, alipanda gari analia kwa hasira, mvua inanyesha, breki hazishiki. Sehemu ikaishia hapo. Alhamisi saa mbili usiku tukakaa mkao wa kula, tukawasha, tukakutana na maandishi kwamba malipo yamekwisha. Pesa ya kulipia tena haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa ya kulimisha shamba.

Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa bado yuko hewani, analipiwa na mwanawe aliye Dar. Basi kila asubuhi akipita kwenda dukani anasimama uani kwetu na kusimulia. Ijumaa alituletea habari kwamba wifi amekufa. Alikisimulia kifo kile vizuri mno: gari lilivyoserereka, simu ilivyokuwa inaita kwenye kiti cha abiria, mama mkwe alivyopiga yowe. Mama mdogo akasema, "Malipo ni hapa hapa duniani," akaendelea kuchambua mchele wake. Kwake hadithi ikawa imeisha, tena imeisha inavyopaswa.

Julai iliyofuata nikaenda tena. King'amuzi kimelipiwa, tamthilia ile ile bado inaendelea. Tuko tunakula, mlango wa sebule ya kwenye televisheni ukafunguliwa, akaingia wifi, nywele zimesukwa upya, mkoba begani. Mama mdogo akarudisha tonge kwenye sahani. "Huyu si alishakufa?" Jirani akaitwa. Wala hakuona haya. Akasema, "Dada, ilitakiwa afe. Wao ndio wamemrudisha."

Jibu lile limenikaa kichwani muda mrefu. Sisi tunaojiita wahakiki tungemwambia jirani kuwa amedanganya. Mimi nimefika mahali pa kusema kwamba alifanya uhakiki, na uhakiki wake ulikuwa sahihi: wifi alirudishwa na biashara. Hadithi yenyewe ilikuwa imeshamaliza naye.

Mchapishaji ambaye hatumsomi

Tukikutana kwenye kurasa kama hizi tunazungumza Kezilahabi, tunazungumza Adam Shafi, tunalalamika kwamba riwaya hazinunuliwi. Ni kweli, hazinunuliwi. Lakini tusiseme Watanzania wameacha kununua hadithi za Kiswahili. Wananunua kila mwezi. Wanazinunua kwa simu, kwa namba ya kampuni na namba ya kadi, na anayewauzia hajawahi kualikwa kwenye kongamano letu hata moja.

Hesabu tu kwa haraka. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo mwenye televisheni bila king'amuzi alibaki na sanduku la kioo. Azam ikaingia sokoni mwishoni mwa 2013. DStv, iliyokuwa inajulikana kama dishi la matajiri, ikawa na Maisha Magic Bongo, chaneli ya hadithi za Kiswahili zilizotengenezwa hapa hapa: Huba, Jua Kali ya Leah Mwendamseke tunayemwita Lamata, na nyingine. Azam wakawa na Sinema Zetu, wakaleta na tamthilia ya Kituruki ya Sultan ikizungumza Kiswahili. StarTimes wakaleta za Kichina. Kwa wingi wa maneno ya Kiswahili yanayoandikwa, kutafsiriwa na kutamkwa kila wiki, sijui mchapishaji wa vitabu anayewakaribia hawa.

Sasa, mchapishaji mkubwa namna hii ana masharti yake, na masharti yanaacha alama kwenye kazi. Ndiyo maana nasema ukitaka kuisoma tamthilia ya Kiswahili ya leo lazima kwanza usome kifurushi.

Siku thelathini

Biashara ya dishi ni rahisi kuieleza. Dishi na king'amuzi huuzwa kwa bei ya kuvutia, mara nyingi kampuni ikibeba sehemu ya gharama, kwa matumaini kwamba pesa itarudi kidogo kidogo kupitia malipo ya mwezi. Mteja akilipa mara moja akaacha, kampuni imekula hasara. Kwa hiyo hofu yao kubwa kuliko zote ni siku ya thelathini na moja.

Mpira ndio unaouza dishi. Mei 2021 Azam walisaini mkataba na TFF wa kurusha Ligi Kuu kwa miaka 10, thamani yake shilingi bilioni 225.6. Hakuna hadithi iliyowahi kugharimiwa hivyo katika nchi hii, na yeyote aliyewahi kubanana kwenye kibanda umiza siku ya Simba na Yanga anaelewa kwa nini. Lakini ligi ina mapumziko. Kuna wiki hakuna mechi ya maana, kuna miezi hakuna kabisa. Hapo ndipo tamthilia inapopewa kazi yake: kulinda dishi lisizimwe. Mpira unamleta baba dukani, tamthilia inamfanya mama aulize tarehe thelathini, "Umelipia?"

Hadithi iliyopewa kazi hiyo haiwezi kuwa na mwisho. Kuimaliza ni kumpa mteja ruhusa ya kupumzika, na mteja anayepumzika huenda asirudi. Kwa hiyo wifi hafi. Akifa, pacha wake anatokea. Siri inayofichuliwa Ijumaa inafunikwa na siri nyingine Jumatatu. Nimetazama tamthilia hizi kwa miaka, tena kwa mapenzi, na udhaifu wake mkubwa sioni kama ni uigizaji wala sauti, mambo tunayoyasema sana. Udhaifu wake ni kwamba tendo halizai tokeo. Mtu anafanya uovu mkubwa, na baada ya sehemu arobaini anakaa meza moja na aliyemtendea, kwa sababu mwigizaji anapendwa na sebule imeshalipiwa kodi. Ngano za bibi zetu zilikuwa na uongo mwingi kuliko huu, ila mwisho ulifika. Fisi alilipa.

Kuna atakayeniambia hadithi za vipande hazikuanza leo. Ni kweli kabisa. Charles Dickens aliuza The Pickwick Papers kwa vipande vya kila mwezi kuanzia 1836, shilingi moja ya Kiingereza kwa kipande. Hapa kwetu magazeti ya Global Publishers yalitulea na hadithi za Eric Shigongo, na neno "itaendelea" lilikuwa linatutia homa mpaka wiki ijayo. Sasa tofauti iko wapi?

Tofauti ya kwanza ni kwamba aliyenunua kipande alibaki nacho. Gazeti la wiki iliyopita ungeliazima kwa jirani, ungelikuta limefungiwa vitumbua ukasoma ukiwa unakula. Mtu wa Mang'ula aliyekosa toleo alikuwa na njia ya kulipata. Aliyelipia kifurushi hanunui hadithi, ananunua siku thelathini za kuruhusiwa kuitazama. Siku zikiisha hana hata ukurasa mmoja mkononi. Mama mdogo amelipa kwa miaka, na ndani ya nyumba yake hakuna hata sehemu moja anayoweza kusema ni yake.

Tofauti ya pili ni kalenda. Gazeti ulilinunua siku ukiwa na hela. Kifurushi kinadhani kila mtu ana mshahara wa mwezi. Bonde la Kilombero halina kalenda hiyo. Mpunga una msimu. Muwa una msimu wake, na mkulima wa nje anayeuza muwa kiwandani Kilombero anaijua siku ya malipo kwa kusikia, haioni kwenye kalenda. Wanaolipwa kwa mwezi ni mwalimu, askari wa hifadhi, muuguzi. Ndio wanaoiona hadithi nzima. Wengine tunaiona kwa matundu: Juni mpaka Septemba, halafu giza, halafu Juni tena. Vifurushi vya wiki na vya siku vimekuja kupunguza makali, lakini tundu likipunguzwa bado ni tundu.

Ngazi na lugha yake

Hebu tuisome lugha ya biashara hii kama tunavyosoma shairi. Neno king'amuzi ni zuri. Limetoka kwenye kung'amua, kuelewa jambo lililofichika. Sijui maneno mengi ya teknolojia yaliyopata jina lenye heshima kiasi hicho. Simu ni simu tu, ila chombo hiki kinang'amua.

Halafu tazama majina ya vifurushi. Kwa miaka mingi DStv Tanzania wameuza Poa, Bomba, Shangwe, kisha Compact, Compact Plus na Premium. Anza chini upande taratibu. Ngazi za chini zinazungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha kijiweni. Ukivuka Shangwe, Kiswahili kinashuka kwenye gari na wewe unaendelea na Kiingereza. Hakuna aliyekaa kikao akasema Kiswahili ni lugha ya bei nafuu, sidhani. Ngazi yenyewe imesema. StarTimes nao wamekuwa na Nyota, Mambo na Uhuru, na hapo kwenye Uhuru huwa nacheka peke yangu: uhuru wa mwezi mmoja, ukiisha unalipia.

Kejeli ni kwamba hadithi zetu ziko kwenye ngazi hizo hizo za chini, na hilo kwa kweli ni jambo jema. Mtu wa Poa anaipata hadithi ya Kiswahili. Lakini linatuonyesha pia kampuni inavyotuona: Kiswahili ni cha kumuingiza mteja mlangoni, vinono viko ghorofani.

Sauti zisizo na majina

Wazee wa Mang'ula wanawakumbuka Wachina wa reli. Tazara ilipojengwa miaka ya 1970, hapa palikuwa na kambi na karakana kubwa, na baadaye kikabaki kiwanda cha mashine. Wanasimulia Kiswahili cha wale wageni, maneno machache na vidole vingi. Wajukuu wao wanakijua Kiswahili kingine cha Wachina, kile cha Doudou na mama wakwe zake, tamthilia iliyorushwa na TBC mwaka 2011 na kupata umaarufu mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes waliendesha shindano la kusaka sauti za Kiswahili, washindi wakaenda Beijing kufanya kazi.

Hii ni kazi ya tafsiri, jamani. Ni kazi kubwa. Mtu amekaa akaamua kwamba malkia wa Istanbul akimkasirikia kijakazi atasema hivi kwa Kiswahili na si vile, atatumia "wewe" au "nyie", ataapa au hataapa, na maneno yatoshe ndani ya midomo inayochezea lugha nyingine. Mama mdogo akiwa na hasira siku hizi anatumia misemo ya kasri. Hakuitoa Ifakara. Nitajieni mfasiri mmoja wa tamthilia kwa jina. Tunawajua wafasiri wa Shakespeare, tunamjua Nyerere aliyempa Kiswahili. Hawa walioingia kwenye sebule nyingi kuliko Shakespeare hatuwajui.

Kwenye vibanda haikuwa hivyo. Lufufu, aliyekuwa anatafsiri filamu kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti ya sinema, alijitaja. Watu walikwenda kumsikiliza yeye. DJ Afro wa Kenya hivyo hivyo: filamu ni ya Bollywood au Hong Kong, lakini bango linasema DJ Afro. Walichezea hadithi za watu, waliongeza chumvi, kuhusu haki za wenye filamu hatutaki hata kuuliza. Lakini walikuwa wasimulizi wenye majina na mtu angeweza kuwahakiki: huyu anaharibu, huyu anajua. Biashara iliyokuja na leseni na mikataba imetupa tafsiri bora zaidi, kisha ikamficha mfasiri.

Unahesabiwa hai au umekufa?

MultiChoice, wenye DStv, walikuwa na namna mbili za kuhesabu wateja kwenye ripoti zao. Kuna waliokuwa hewani siku hesabu ilipofungwa, na kuna waliokuwa hewani wakati wowote ndani ya siku 90 zilizotangulia. Nilipoelewa hilo nilimfikiria mama mdogo, ingawa simsemi kuwa ni mteja wao. Kwa hesabu ya namna hiyo, mtu wa mpunga akizima Oktoba anaendelea kuwa hai mpaka karibu Krismasi. Januari amekufa. Julai anafufuka, nywele zimesukwa upya, mkoba begani. Wifi ni yeye.

Na wanaokufa bila kufufuka wameongezeka. Machi 2025 MultiChoice walifunga mwaka wakiwa na wateja milioni 14.5, pungufu kwa milioni 1.2 ndani ya mwaka mmoja. Septemba mwaka huo huo Canal+ ya Ufaransa ikakamilisha kuinunua kampuni. Kwa hiyo uamuzi kuhusu hadithi ngapi za Kiswahili zitengenezwe, na kwa bajeti ipi, sasa mwisho wake uko Paris. Sitabiri mabaya. Lakini hili linatuhusu watu wa fasihi kuliko lilivyowahusu waandishi wa habari za uchumi, na sikuona tukiliandika.

Wapo wanaosema simu itatuokoa. Utatazama kwa programu, saa unayotaka, sehemu zote zipo. Kwa aliye mjini, sawa. Kwa Mang'ula maana yake ni kununua kifurushi cha tamthilia juu ya kifurushi cha data, kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, mtandao ukiwa na hiari yake. Dishi angalau lilikuwa la nyumba nzima na majirani. Simu ni ya mtu mmoja, na nani atasimama uani asubuhi kusimulia kilichomo kwenye simu ya mwenzake?

Dishi lenyewe nalo si malaika. Anayetazama Azam dishi lake linaelekea magharibi, kwenye satelaiti iliyo nyuzi 7 mashariki, kule usawa wa São Tomé, na magharibi ya Mang'ula ndiko iliko milima ya Udzungwa. La DStv linatafuta satelaiti iliyo nyuzi 36, juu ya Kenya, kwa hiyo linatazama karibu utosini. Masika wingu likishuka mlimani wote wawili wanakosa picha kwa pamoja, tajiri na maskini, Poa na Premium. Mvua haina vifurushi.

Ninachodai

Sidai kampuni zitoe bure. Waigizaji wamepata mishahara, waandishi wa mswada wamepata kazi ambayo riwaya haikuwapa, na mama mdogo ameona Istanbul. Nadai vitu vitatu vidogo.

Mfasiri na waliotoa sauti wataje majina yao, pole pole, kwa herufi zinazosomeka. Tamthilia zipewe mwisho: misimu mifupi, yenye kifo kinachobaki kifo. Na sehemu zilizokwisha kurushwa ziwekwe mahali ambapo aliyelipa Julai mpaka Septemba anaweza kuzipata zilizompita alipokuwa gizani, kwa sababu yeye naye ni mteja, kalenda yake tu ndiyo tofauti.

Na sisi wahakiki tunadaiwa pia. Tuache kuandika kana kwamba hadithi ya Kiswahili inaishi kwenye karatasi peke yake. Tuzihakiki hizi kwa jina, sehemu kwa sehemu, tuseme hapa mwandishi aliandika na hapa kampuni ndiyo iliyoandika. Jirani wa nyumba ya tatu alishaanza. Alijua hadithi ilipotaka kwenda, akaipeleka.

Mama mdogo, kwa taarifa yenu, alimtazama wifi aliyefufuka kwa wiki mbili, akachoka. Kifurushi kilipoisha Agosti hakulipia cha pili. Anasema yeye anabaki na ile ya jirani.